Haki Uliyoisomea Usiiache Darasani

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, ambayo hata leo nikiitaja hasira hunipanda upya. Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa afisa wa probesheni, nasimamia waliopewa vifungo vya nje, naishi mtaa wa Jericho, na mwishoni mwa wiki nasomea shahada ya uzamili katika uongozi wa vyombo vya haki, hiyo hiyo unayotaka kuianza wewe.

Darasani tulikuwa na mkuu mmoja wa kituo cha polisi. Tulimwita Afande tu. Alijua kuzungumza, jamani! Jumamosi iliyotangulia alikuwa ametusomea makala yake juu ya haki za mahabusu, tukampigia makofi. Hata mimi nilipiga.

Basi Ijumaa iliyofuata, Wafula, mtoto wa jirani yangu Mama Nekesa, alitoka kazini mtaa wa Baba Dogo akapitia soko la Burma kununua nyama. Msako wa polisi ukamkuta hapo, akakamatwa. Kitambulisho alikuwa nacho. Hakuna aliyekitazama.

Asubuhi nikampeleka mama yake kituoni. Kumbe ni kwa Afande! Tulimkuta kaunta, vitabu kwapani, yuko njiani kuja darasani.

"Afande, huyu kijana amekosa nini?"

"Tutajua tukimaliza kumhoji."

"Mama yake anaomba kumwona tu."

Akacheka. "Dada, yale ya darasani ni ya mtihani. Huku ni kazi."

Wakati huo huo tukasikia Wafula akipiga mayowe ndani. Mama Nekesa akakaa chini sakafuni.

Sikubishana. Nilimwinua, nikamshika mkono, tukaenda naye moja kwa moja hadi darasani. Afande alipoketi, nikamsimamisha mama mbele ya wote. "Mweleze huyu mama yale uliyotusomea."

Afande akainamia vitabu vyake.

"Baba," Mama Nekesa akasema, "mimi masomo yenu siyajui. Nirudishie mtoto wangu."

Mhadhiri akamtaka ajibu. Afande akakusanya vitabu vyake akatoka. Alasiri Wafula akaachiliwa, bila shtaka lolote. Sikio lake la kushoto, walilompiga, halijasikia tena.

Na unajua wenzangu walimlaumu nani? Mimi! Eti nimemwaibisha mwenzetu. Afande alihitimu pamoja nasi, akapandishwa cheo. Niliporipoti yaliyotokea kwa wakubwa wake, hakuna aliyeniita kunisikiliza.

Kwa hiyo nenda ukasome, mwanangu, sikukatazi. Lakini ukipewa kituo au gereza kuongoza, anza na walio ndani. Ingia seli mwenyewe, uwaulize majina yao na waliyotendewa. Askari wako akimpiga mtu, usimfiche kwa sababu ni mwenzako. Wakikwambia umewaaibisha wakubwa, waache waaibike. Na ukiona huwezi hayo, tafadhali, tafuta masomo mengine.

Mungu akupe akili ya kufaulu na moyo wa kukasirika panapostahili. Mama yeyote asiondoke mlangoni pako akilia. Nenda na baraka zangu.