Hati ya Kuishi Lumemo

Niliingia Tanzania nikiwa nimeketi. Maofisa wa uhamiaji walipanda treni mpakani, wakapita behewa hadi behewa wakikagua pasipoti. Aliyefika kwenye kiti changu aliniuliza kwa Kiingereza naenda wapi. Nikamjibu kwa Kiswahili kwamba naenda Ifakara kwa shangazi yangu. Akaitazama pasipoti ya Zambia, kisha akanitazama mimi.

"Unakwenda kusalimia?"

Nikasema ndiyo. Akagonga muhuri wa mgeni wa miezi mitatu, akahamia kwa abiria aliyefuata.

Sikumdanganya. Wakati ule hata mimi nilijua nakwenda kusalimia tu. Baba yangu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, huko Mpika, Zambia. Alikuwa Mndamba wa Idete, katika bonde la Ifakara. Aliondoka bondeni akiwa kijana pamoja na wajenzi wa reli, akafika nayo hadi Zambia, akaoa huko na hakurudi tena. Mimi nilizaliwa Mpika, nikasoma Mpika, na cheti changu cha ualimu nilikipata katika nchi hiyohiyo. Nilipofikia umri wa kuchukua pasipoti nilichukua ya Zambia, kwa sababu ndiyo nchi niliyokuwa nikiishi. Sikufikiri zaidi ya hapo. Nyumbani tulizungumza Kibemba cha mama. Kiswahili kilikuwa lugha yangu mimi na baba, tuliyoitumia zaidi tukiwa wawili.

Shangazi, dada yake baba, alikaa Lumemo, pembeni mwa Ifakara. Alituma ujumbe kupitia mfanyakazi mmoja wa reli kwamba ndugu walikuwa wamelia bila kaburi, na sasa wanataka kumaliza matanga, basi aje mtu mmoja wa damu ya marehemu. Mama alisema niende mimi. Yeye hakujua Kiswahili na hakutaka kukaa kimya mbele ya wakwe zake.

Matanga yalimalizwa wiki ile niliyofika. Baba mdogo, ndugu wa mwisho wa baba, alikuja kutoka Idete na jogoo wawili na mkungu wa ndizi. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba huku amenishika mkono, na hakuuachia mpaka alipomaliza kuniuliza habari zote za ugonjwa wa kaka yake. Alisema nina paji la uso la bibi yao. Baada ya hapo watu waliondoka, nami ningeweza kuondoka. Lakini mpunga ulikuwa umeanza kukomaa na shangazi alikuwa peke yake, kwa hiyo nikabaki kumsaidia kuamia ndege. Halafu nikabaki kuvuna.

Kanisani, Jumapili moja, mkuu wa shule ya sekondari ya watu binafsi alinisikia nikimtafsiria mgeni mmoja Kiingereza. Alinifuata nje, akaniuliza nimesoma wapi. Shule yake haikuwa na mwalimu wa Kiingereza tangu muhula wa kwanza. Nikamweleza kwamba mimi ni mgeni na muhuri wangu unakaribia kwisha.

"Basi usianze kufundisha kabla hatujapata kibali," alisema. "Nitaandika barua ya kukuombea. Wewe nenda Morogoro, ofisi ya uhamiaji ya mkoa, na usingoje mpaka siku zipite."

Jioni nilimweleza shangazi. Alikuwa anapepeta mchele, na aliendelea kupepeta mpaka nilipomaliza.

"Muhuri wa nini?" aliuliza.

"Wa kuniruhusu kukaa."

"Kukaa wapi?"

"Hapa, shangazi."

"Hapa kwangu?" Aliweka ungo chini. "Mtoto wa kaka yangu aombe ruhusa Morogoro ili alale kwangu?"

Nilijaribu kumweleza mambo ya pasipoti. Alinisikiliza, kisha akasema kama ni hivyo tutakwenda wote, akawaambie mwenyewe mimi ni nani. Tangu nimfahamu sikuwa nimemwona akipanda basi.

Tulisafiri alfajiri, kwenye barabara ya vumbi mpaka Mikumi na lami kutoka hapo. Shangazi alivaa gauni lake la kanisani na kujifunga kanga mpya juu yake. Ofisini tulikaa kwenye benchi pamoja na Wahindi wawili na padri mmoja mzungu aliyesalimia watu wote kwa Kiswahili safi. Zamu yetu ilipofika tulipokewa na afisa mwanamke wa makamo. Aliinuka kidogo kitini kumwamkia shangazi shikamoo, na jambo hilo lilimtuliza shangazi kwa muda.

Afisa alisoma barua ya mkuu wa shule, akaangalia vyeti vyangu, akafungua pasipoti.

"Baba yako alikuwa Mtanzania?"

"Ndiyo."

"Na wewe ni mtu mzima mwenye pasipoti ya Zambia." Aliifunga. "Nikueleze vizuri ili uchague mwenyewe. Mtu mzima hashiki uraia wa nchi mbili. Ukitaka kuwa raia wa hapa, kuna utaratibu wa kuomba, ila itabidi uukane uraia wa Zambia. Usipotaka, shule itakuombea hati ya ukaazi ya muda, ya kufanya kazi. Ni ya miaka miwili. Ikikaribia kwisha, unaomba tena."

Shangazi alisema, "Hilo la kwanza ndilo letu."

Afisa alikuwa ananingoja mimi. Nilimfikiria mama, aliyebaki na nyumba ya vyumba viwili na bustani ya maboga, bila mtoto mwingine. Nikiukana uraia wake, nitakapokwenda kumwona nitagongewa muhuri wa mgeni kama niliogongewa kuja huku. Nilisema ningependa hati ya muda.

Shangazi aligeuka akanitazama, kisha akatazama dirishani.

Palikuwa na karatasi moja ya kujazwa na mtu ninayekaa kwake. Afisa alimsomea shangazi yaliyoandikwa: kwamba yeye ni mwenyeji wangu, kwamba anathibitisha ninaishi nyumbani kwake, kwamba nikihama atatoa taarifa.

"Mimi si mwenyeji wake," shangazi alisema. "Mimi ni shangazi yake. Mwenyeji ni wa mgeni."

"Nakuelewa, mama. Lakini karatasi ina neno hilo moja tu."

"Hamna nafasi ya kuandika shangazi?"

Afisa aliigeuza karatasi, akatafuta kweli. Mwishoni akaandika kwa mkono wake, pembeni, neno shangazi, akamwonyesha. Shangazi alishika kalamu, akaandika jina lake herufi moja moja kama alivyofundishwa katika elimu ya watu wazima. Tulipewa pasi ya muda mfupi ya kuniruhusu kukaa wakati maombi yanapelekwa Dar es Salaam.

Njiani kurudi basi lilipita kwenye mbuga ya Mikumi, abiria wakaelekeza vidole kwa twiga, lakini shangazi hakugeuza shingo. Tulipokuwa tumeshaiacha lami, ndipo aliponiuliza:

"Ungeikana Zambia, mama yako angesemaje?"

"Asingesema kitu. Angelia akiwa peke yake."

Daraja la Kidatu lilipoonekana alinigeukia. "Haya," alisema. Alitoa viazi vitamu vya kuchemsha kwenye kikapu, akanipa kimoja.

Hati ilitoka baada ya miezi kadhaa. Ilikuwa karatasi yenye picha yangu, muhuri, jina la shule na tarehe ya mwisho. Nilianza kufundisha. Wanafunzi waliniita Mwalimu Mzambia, na walimu wenzangu walicheka Kiswahili changu, kwa sababu nilizungumza kama wazee wa enzi ya kujenga reli. Nilisema "garimoshi" pale wenzangu waliposema "treni". Hati niliibeba kwenye mkoba kila siku, ndani ya mfuko wa plastiki, maana mvua za bondeni huingia popote.

Mwaka uliofuata, baada ya mavuno, shangazi aliitisha kikao cha ukoo Idete. Alitaka nigawiwe sehemu ya baba. Babu alikuwa ameacha majaruba ya mpunga karibu na mto, na kwa miaka yote ile baba mdogo alikuwa akilima sehemu yake na ya kaka yake. Sikuwa nimeomba. Lakini nilipoambiwa niende, nilikwenda, na nakumbuka kwamba njiani nilianza kuwaza nitapanda mbegu gani.

Shangazi alizungumza kwanza. Alisema mwenye mali hayupo lakini mtoto wake yupo, na anafanya kazi hapahapa. Wazee wawili waliitikia kwa kichwa. Kisha baba mdogo akaniuliza kwa upole:

"Mwanangu, ile karatasi yako ya serikali unayo?"

Niliitoa kwenye mkoba nikampa. Aliisogeza kwenye mwanga wa mlango, akaisoma yote kwa sauti, hata namba. Alipofika kwenye tarehe ya mwisho akaisoma mara mbili.

"Mimi sina ugomvi na mtoto wa kaka yangu," alisema. "Lakini serikali yenyewe imeandika kwamba huyu ni raia wa kwingine, na imeandika siku ya kuondoka kwake. Shamba tukimpa leo, siku hiyo ikifika tutamwuliza nani?"

"Hati inaombwa upya," nilisema.

"Inaombwa," alisema. "Na wanaweza kukataa. Hawawezi?"

Nikasema wanaweza. Hiyo ndiyo kweli.

Mzee mmoja akaanza kusema habari za mvua. Baba mdogo alinirudishia hati ikiwa imekunjwa vilevile kama nilivyompa. Nilimtazama usoni kutafuta hila na sikuiona. Alikuwa na watoto wengi, na majaruba yale ndiyo yaliyowalisha. Nadhani aliogopa tu, na ile karatasi ilimpa maneno ya kusema.

Shangazi aliinuka, akajifunga kanga vizuri. "Atalima kwangu," alisema. Tukaenda kungoja gari barabarani. Aliniuliza kama nimeumia, nikasema hapana. Kweli, siku hiyo sikuhisi kitu. Uchungu ulikuja siku kadhaa baadaye, darasani, nikiwa naandika ubaoni sentensi za kawaida za sarufi, na ilinibidi nisimame nikiwa nimewapa wanafunzi mgongo mpaka upite.

Msimu uliofuata nililima nusu ya shamba la shangazi. Baada ya mavuno baba mdogo alifika Lumemo na baiskeli, amefunga gunia la mpunga nyuma. Alilishusha barazani, akanywa maji, akauliza hali zetu, akaondoka. Hakusema ni la nini, nasi hatukumwuliza. Akafanya hivyo kila mwaka.

Hati yangu ilipokaribia kwisha, shule iliomba nyingine, nikapata. Katika muda wa hati hiyo ya pili mama alikuja. Alishuka kituo cha Ifakara asubuhi, na muhuri wake wa miezi mitatu, akalalamikia joto kabla hajanisalimia. Shangazi alimpokea mzigo wake. Hawakuwa na lugha hata moja ya kuzungumza wote wawili, na mimi nilishinda shuleni. Niliporudi niliwakuta wamekaa nyuma ya nyumba wanachambua mchele, kila mmoja akisema ya kwake kwa lugha yake, bila kungoja kujibiwa.

Siku moja kabla ya kuondoka, mama aliniuliza nitarudi lini nyumbani. Nikamwambia hati yangu bado ina zaidi ya mwaka.

"Sijauliza hati," alisema.

Nikamwambia sijui. Akasema afadhali hivyo kuliko kumdanganya. Asubuhi shangazi na mimi tulimsindikiza kituoni. Shangazi alimpa mchele wa kubeba, mwingi kiasi kwamba ilibidi kijana wa kituoni asaidie kuupandisha. Treni ilichelewa, nami nilikuwa na kipindi cha kidato cha pili, kwa hiyo niliwaacha kwenye benchi wamekaa bega kwa bega.

Mama alifariki miaka miwili baadaye. Nilikwenda kumzika, nikaifunga nyumba, nikagawa sufuria kwa majirani. Mwaka huohuo nilirudi Morogoro kuomba uraia. Afisa yule alikuwa ameshahamishwa. Aliyekuwepo alikuwa kijana, akanieleza utaratibu wote tangu mwanzo, nami nikamsikiliza kana kwamba siujui.