Usajili mpya wa timu yetu Dodoma: beki wa Tabora nilimpima kwa utani, akanyamaza

Wakuu, wakubwa shikamooni, wadogo marahaba hata kabla hamjaniamkia.

Ninayoandika nimeyaona kwa macho yangu. Moja lina mtoto wa jicho, lakini lililobaki linamtambua mbuzi mgonjwa akiwa bado ng'ambo ya mnada.

Mimi ni mzee wa Nzuguni, Mgogo. Darasa la nne sikulimaliza, mkiona herufi imepinda inyoosheni wenyewe.

Timu yetu ya ligi ilileta vijana wapya dirisha hili. Tawi letu la mashabiki likasema wazee twende Hombolo kwenye kambi, tuwatazame mazoezini, tukirudi tuseme nani mchezaji na nani kaletwa na wakala.

Niseme mapema kabisa. Beki wa kushoto wa siku zote, Ndahani, ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu wa Kongwa. Na kati ya wapya alikuwemo beki wa kushoto. Wawili hawakai nafasi moja, ile ya namba tatu, mmoja angeachwa. Kwa hiyo mkiniona nina macho makali, sababu mnayo.

Hombolo zabibu zilikuwa zimeanza kuiva. Zamani ukipita shambani kwa mtu unachuma kishada unakula, siku hizi wameweka uzio. Tuyaache.

Straika mpya alipiga danadana mpaka wenzangu wakasimama. Mimi sikusimama. Ng'ombe anayerukaruka mnadani, ukimfikisha nyumbani analala.

Macho yangu yalikuwa kwa yule beki. Jina Maganga, Mnyamwezi wa Tabora, miaka kumi na tisa. Ndivyo walivyosema wao.

Wakuu, kijana wa miaka kumi na tisa hasugui goti kabla ya kuinama. Huyu alilisugua. Akikaa anashusha pumzi kama mtu aliyeacha watoto nyumbani wanadai ada. Wenzake wakipumzika wako kwenye simu, yeye kavua viatu anaviangalia tu.

Nikasema moyoni, hapa pana jambo.

Sasa kuna kitu kinaitwa utani, vijana wa mjini mnakisahau. Mgogo na Mnyamwezi ni watani tangu mababu. Ukimchokoza Mnyamwezi wa kweli, hata awe anaumwa, atakujibu. Nikaona hicho ndicho kipimo changu.

Wakati wa maji nikamsogelea, mbele ya watu.

"Nyie Wanyamwezi mlipita kwetu na mizigo kichwani mkiomba maji. Leo umerudi kubeba namba ya mtoto wetu?"

Akaniangalia. Akainamisha kichwa. "Samahani, mzee."

Basi. Samahani gani kwa mtani? Nikarudi tawini nikasema waziwazi: huyu umri si wake, na kabila si lake, na asiyesema kweli kuhusu kwao atasema kweli gani uwanjani. Mwenyekiti wa tawi akalifikisha kwa viongozi. Mechi ya kwanza Maganga hakuvaa jezi, wanamchunguza. Ndahani akacheza. Nilifurahi, siwafichi.

Halafu dada yangu akafariki. Mama yake Ndahani. Presha.

Tukaenda kumzika Kongwa. Timu ikaleta wachezaji kumfariji mwenzao, na Maganga yumo. Nikajiuliza, huyu kafuata nini? Amekuja kumtazama Ndahani kama kavunjika?

Mchungaji alipomaliza sala, jeneza likasogezwa. Ghafla Maganga akavua shati, akarukia kaburini, akalala chali.

"Hazikwi mtu hapa mpaka Wagogo mnipe kuku. Na asiwe wa kuombwa barabarani."

Msiba mzima ukacheka. Wanawake waliokuwa wanalia wakacheka machozi yakiwa bado yanatoka. Ndahani, ambaye tangu asubuhi hakuwa amefungua mdomo, akacheka hadi akashikiliwa. Kuku akaletwa. Maganga akampapasa kifua, akasema amekonda kama shemeji zake, ndipo akatoka. Halafu akashika chepe, akafukia kuliko ndugu.

Hayo hafundishwi mtu na wakala.

Baadaye nikamfuata anakonawa mikono. Nikamuuliza, kumbe utani unaujua, Hombolo ulinyamazia nini?

"Babu, siku ile hukuwa unanitania," akasema. "Ulikuwa unanifukuza."

Nikachukua kopo la maji, nikammiminia amalize kunawa.

Tuliporudi nikaliambia tawi: yule ni Mnyamwezi, tena mbaya. Mwenyekiti akalirudisha kwa viongozi, kijana akaruhusiwa kucheza. Sasa namba tatu ni yake, na Ndahani yuko benchi. Nilidhani mpwa wangu ataninunia. Aliniambia tu, "Mjomba, ungemwona mazoezini kwa haki, ungejua mapema." Ila straika wa danadana naye yuko benchi, hilo nilisema.

Nilichojifunza: ukienda kupima mchezaji mpya na tayari una wako moyoni, kipimo chako kinakupima wewe.

Lakini lile goti, wakuu. Jumamosi nilikaa karibu na mstari, nikaliona tena analisugua kabla ya kurusha mpira. Miaka kumi na tisa? Mimi sikubali, na nimeshamwambia mwenyewe. Kanijibu kwamba goti lake ni changa kuliko akili yangu.

Mliomwona akicheza, semeni na nyie. Yule ana miaka mingapi?