Jani la Isale Mezani kwa Mkuu wa Chuo

Watu wakisikia kwamba nilitumika mwaka mzima chuoni hudhani nilikuwa mpishi. Hapana. Niliishia darasa la nne huko Masama, na kanisa likanituma kuwalea wasomi kiroho. Asiyeamini na asiamini.

Ilikuwa miaka ile ya Ujamaa, kila mtu ni ndugu na kila shule ina shamba lake. Chuo chenyewe kilikuwa cha ualimu, juu kidogo ya mji wa Moshi, na wanafunzi Wakristo walikuwa na ushirika wao uliokutana bwaloni kila Jumapili jioni. Mwinjilisti aliyeusimamia alitaka kijana wa kujifunza kazi chini yake kwa mwaka mmoja. Mchungaji wetu akanitaja mimi, kwa sababu nilikuwa naimba kwa nguvu. Baba alicheka mpaka akaweka chini kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi.

"Wewe binti ukawafundishe walimu? Utawafundisha nini, kukata majani ya ng'ombe?"

"Hata hayo hawayajui," nikamjibu, nikafunga mzigo wangu.

Mwanzoni kazi ilikuwa kupanga mabenchi, kuchemsha chai na kuwatembelea wasichana mabwenini, hasa wale waliolia kwa kukumbuka kwao. Hayo niliyaweza. Kuomba kwa sauti ndiko kulikonishinda. Kwetu kanisani sala zilikuwa kitabuni; mchungaji anasoma, sisi tunaitikia. Hawa walifumba macho wakazungumza na Mungu kama mtu anayeongea na jirani ng'ambo ya mfereji. Zamu yangu ilipofika nilianza vizuri, kisha maneno yakaniishia, nikamalizia kwa sala ya chakula. "Amina!" wakaitikia, na msichana mmoja wa Songea akafumbua jicho moja.

"Dada, sasa ugali uko wapi?"

Nilicheka nao. Wiki iliyofuata nikaomba tena. Mtu hajifunzi kulima kwa kulitazama jembe.

Sasa, Jumamosi moja ushirika ulipanda Old Moshi kusali alfajiri, kwa makubaliano kwamba saa tatu wawe shambani kupalilia mahindi ya chuo. Sala ilikwisha mapema. Lakini mama mmoja wa kanisa alikuwa ametupikia machalari, ndizi na nyama sufuria nzima, na mtu aliyezoea maharage ya bwaloni haambiwi karibu mara mbili. Tuliporudi chuoni, wenzao walikuwa wamekwisha kutoka shambani na majembe wameyaosha. Mkuu wa chuo akauliza mlikuwa wapi. Mwenyekiti wa ushirika, kijana mrefu mwenye maneno, akajibu, "Tulikuwa tunamtii Mungu, Ndugu Mkuu. Mungu kwanza, mahindi baadaye."

Mkuu akafunga bwalo. Hakuna ushirika, hakuna kuimba, mpaka atakapoamua yeye. Mwinjilisti alikuwa amesafiri kwenda msibani Upare. Na ushirika ukifa, mwaka wangu nao umekufa. Ningerudi kwa baba na kicheko chake.

Nikawakuta wanafunzi nyuma ya bweni, wanapanga kufunga na kuomba hadi moyo wa mkuu ulainike.

"Nani amekwenda kumwomba radhi?" nikauliza.

Hakuna aliyekuwa amekwenda. Basi, nikaenda mwenyewe, tena kwa desturi ya kwetu. Nikachuma jani la isale, mmea tunaoupanda mipakani, kwenye kihamba, shamba la migomba la jirani. Kwetu Uchaggani ukimkosea mtu unampelekea isale, na aliyepelekewa hakatai kusamehe, hata kama kesi ni ya damu.

Ila mkuu alikuwa mtu wa Tabora, nami sikulifikiria hilo. Nikaingia ofisini, nikamwamkia shikamoo, nikaweka jani mezani kwake, nikangoja msamaha. Yeye akasukuma kiti nyuma mpaka kikagonga ukuta.

"Nini hii? Unaniroga mchana, binti, ndani ya ofisi ya serikali?"

"Hapana, Ndugu Mkuu! Ni isale. Ni msamaha."

"Msamaha una majani?"

Nikamweleza. Akasikiliza, jicho halibanduki kwenye jani. Halafu akasema, "Kwa hiyo nikiletewa siwezi kukataa. Huo si msamaha, huko ni kukamatwa. Na mimi naswali msikitini. Mambo ya kanisa lenu hayanihusu."

"Sikuja kukubatiza, mzee wangu. Nimekuja kuomba radhi."

Midomo yake ikacheza. Nikaona mlango umefunguka kidogo, nikaingia mzima mzima. Nikamwambia Mungu hakuhusika na kuchelewa kule, yalikuwa machalari. Nikaliondoa jani mezani. Nikamwambia akipenda asamehe, asipopenda aache, maana Yesu alinisamehe mimi mikono mitupu, sina jani wala chochote, na hakuna aliyemlazimisha. Nilisema hayo nikimtazama usoni, mkuu mzima wa chuo, na sauti haikunipotea.

Akakirudisha kiti mezani. "Hivyo ndivyo mnavyohubiri?"

"Wenzangu sijui. Mimi ndiyo mara ya kwanza."

"Waambie wasomi wako Jumamosi wapalilie sehemu yao, na ile ya bondeni pia. Nikiona magugu yamekwisha nitafungua bwalo. Na yule mwenyekiti asimsingizie Mungu tena."

Kuwaambia ndiko kulikokuwa kugumu zaidi. Mwenyekiti aliwaka.

"Umetuuza, dada! Wewe wa kuchemsha chai unakwenda kumweleza mkuu habari za machalari?"

"Ulirudia sahani, nikakupakulia mimi. Ulitaka niseme ulikuwa umefunga?"

Wenzake wakaangua kicheko. Alijitahidi kukaza uso, ukamshinda.

Jumamosi alitangulia shambani kuliko wote. Tulipofika bondeni, jasho linamchuruzika na viganja vimetoka malengelenge, akaniambia bila kuinua kichwa, "Kesho bwaloni utahubiri wewe."

"Mwinjilisti anarudi leo."

"Atakaa nasi kwenye mabenchi. Amezoea kusema, na asikilize kidogo."

Mkuu alifungua bwalo, nami nikasimama mbele yao. Biblia niliisoma polepole, kidole kikifuata mstari, na aliyetaka kucheka alicheka. Sikuharakisha. Nilipoifunga nilikuwa na mambo ya kuwaambia, nikayasema yote, na nilipokaa chini chai ilikuwa imekwisha kupoa birikani. Wakainywa hivyo hivyo.