Gervas Aliyekosa wa Kumtukana

Gervas, mtoto wa dada yangu, alitoka jela mwezi wa Machi baada ya miaka saba. Alikuwa amempiga mtu fimbo kwenye kilabu cha pombe, akampofua jicho. Sitasema alionewa. Hakuonewa.

Alipanda mlima kwa miguu kutoka Mlali hadi kijito kilicho mpakani mwa kijiji, akaketi. Dada yake, Winfrida, alikuwa ameshampikia. Gervas hakuvuka. Alikuwa anamngoja mtani.

Siku hizi hili inabidi lielezwe. Zamani kwetu aliyerudi na aibu hakuingia peke yake. Mtani wa ukoo wake alimfuata mpakani, akamtukana mbele ya watu, akampaka unga usoni, kisha wakaingia wameshikana mikono. Namkumbuka marehemu Benedikto akimpokea mwizi wa kahawa: "Serikali imekuchoka, eeh? Umemaliza maharage yao, sasa umekuja kumaliza yetu!" Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Hapakubaki la kunong'ona, lilikwisha kusemwa.

Mimi ni mjomba, utani huo si wangu. Nikamfuata Innocent, mpwa wa Benedikto na mrithi wake katika utani huo, kwenye kijiwe chake cha bodaboda.

"Nenda ukamtukane mtani wako."

"Nimtukane? Mzee, huyo katoka jela! Akinirukia? Halafu mimi nimeokoka, situkani."

"Mjomba wako alitukana, na alikufa na rozari mkononi."

Wenzake wakamcheka, ndipo akaja. Gervas alipomwona alisimama, akainamisha uso, tayari kwa unga.

"Pole sana kwa matatizo, kaka," Innocent akasema, akampa mkono kwa mbali. "Karibu nyumbani."

Gervas hakuinua uso. "Basi? Ndiyo hivyo tu, mtani?"

"Mungu akubariki, kaka."

Akapiga pikipiki moto, akashuka.

Gervas alivuka kijito peke yake. Kijijini walimsalimu kwa adabu, kila mtu, wakapita haraka. Akikaribia penye mazungumzo, mazungumzo yanakwisha. Wanawake waliita watoto ndani kwa sauti ya upole. Hakuna aliyemtupia hata neno moja baya.

Siku ya kumi alikuja kuniaga.

"Wananiogopa, mjomba. Hata kunitania wanaogopa."

Nilimsindikiza mpaka kijitoni.

Sasa anapakia magunia ya mkaa kule Mikese. Shamba la ukoo Winfrida analilima peke yake, na upande wa juu magugu yamekwisha kumshinda.