Siku niliyobandua ampuli ili tray yangu ipendeze

Wakuu, nawasalimu kutoka Machakos, ambako baridi ya asubuhi inaamsha mtu kabla ya alarm.

Kwa muda mrefu nimekuwa msomaji tu humu, nacheka na nyuzi za watu kisha napotea. Leo ni zamu yangu na sidhani mtacheka sana. Kila nitakachosema kilinitokea. Majina nimebadilisha na hospitali sitaitaja, kwa hivyo msinisumbue PM.

Mimi ni daktari, niko mwaka wa pili wa residency ya anaesthesia. Yaani najifunza kuwa yule mtu anayekulaza kabla ya upasuaji, kisha anakaa kichwani pako kuhakikisha unaamka. Watu hudhani tunadunga sindano moja halafu tunaenda kunywa chai. Laiti.

Chuo kilinituma hospitali moja huku kwa miezi mitatu. Nilikuwa nimezoea theatre ya mashine mpya na label za rangi, kila dawa na rangi yake. Huku label ni kipande cha plasta na biro. Consultant, yaani daktari bingwa, ni mmoja na anagawanywa kila mahali. Anayekushika mkono ni clinical officer wa anaesthesia, mama mmoja nitakayemwita Madam Mwikali.

Huyu mama amelaza watu wengi kuliko niliowahi kusalimiana nao. Anavaa crocs za zambarau, ana mdomo, na ana sheria moja. Ukivuta dawa kwenye sindano, ile ampuli tupu, kichupa cha kioo dawa ilimotoka, unaibandika hapo hapo kwenye sindano kwa plasta. Kisha unamsomea mtu mwingine kwa sauti.

"Daktari, biro inafutika," aliniambia siku ya kwanza. "Chupa haifutikangi."

Mimi nikaona ni ushamba. Sindano zenye vichupa vinaning'inia, tray inafanana na kamba ya kuanika nguo! Nilikuwa nabandika akiwa karibu tu, kumridhisha.

Basi asubuhi moja nikasikia consultant anapita kuona jinsi residents wanavyojipanga. Nikataka kung'ara. Nikabandua ampuli zote, nikazitupa, nikapanga sindano zangu kwa mstari kama za kwenye kitabu. Zilikuwa za saizi moja, kwa sababu wiki hiyo zile kubwa ziliisha. Vidole vyangu vilikuwa na spiriti, na spiriti hufuta biro. Mnaona inakoelekea.

Mgonjwa alikuwa Ndunge, mkulima kutoka Kalama, anajifungua mtoto wa tatu kwa upasuaji. Nilimpa spinal, ile sindano ya mgongo inayotia ganzi kuanzia kifuani kwenda chini huku mama yuko macho. Alikuwa ananiuliza kama mtoto atalia mara moja.

Mtoto akatoka, akalia mara moja. Ndunge akacheka.

Halafu presha yake ikashuka. "Daktari, naskia kutapika," akasema. Hilo ni jambo la kawaida na dawa yake ni ephedrine, ya kupandisha presha. Nikanyoosha mkono kwenye tray yangu nzuri, nikachukua sindano, nikasukuma.

Kope zake zikaanza kuchezacheza. Kisha mashavu. Kisha vidole.

Wa kazi hii mshajua. Nilikuwa nimempa suxamethonium, dawa ya kulegeza misuli yote, hata ya kupumua. Na hailazi mtu. Ndunge alikuwa macho, anasikia kila kitu, na hawezi kuvuta pumzi wala kusogeza kidole.

Nikamwekea mask na kuanza kumpumulia kwa mkono. Daktari wa upasuaji akainua kichwa. "Kuna nini huko?"

Wakuu, nisomeni vizuri hapa. Jibu la uongo nilikuwa nalo tayari mdomoni. Spinal ikipanda juu sana, mgonjwa pia huacha kupumua. Ningesema "spinal imepanda" na hakuna ambaye angeuliza zaidi. Nilifikiria masomo yangu, nikamfikiria mama yangu anayejisifu kanisani kuhusu mtoto wake daktari. Nilifikiria yote hayo kwa muda wa pumzi mbili nilizompa Ndunge.

Madam Mwikali akaingia mbio kutoka chumba cha pili. "Umempa nini? Ampuli iko wapi?"

Ampuli ilikuwa kwenye taka.

"Nimekosea," nikasema. "Nimempa sux badala ya ephedrine."

Hakunigombeza. "Endelea kumpumulia, navuta ketamine alale." Alipokuwa akivuta, nikainama sikioni kwa Ndunge. Nikamwambia najua ananisikia, nimekosea dawa, anisamehe, mimi ndiye nampumulia na sitamwacha.

"Ndukakie, mwaitu," Madam Mwikali akamwambia kwa Kikamba, usiogope mama, na akampa usingizi. Tukaweka tube ya kupumulia, tukapandisha presha kwa dawa sahihi, na baada ya dakika chache kifua chake kikaanza kupanda chenyewe.

Nililia changing room, sifichi. Consultant hakunipigia kelele. Alinipa faili na kusema niandike kila kitu kwa mkono wangu.

Kesho yake nikaenda wodini na hotuba niliyojiandalia usiku kucha. Ndunge alikuwa ananyonyesha. Hakungoja nianze.

"Mimi nilifikiria nimeshakufa," akasema. "Halafu nikakuskia unaniomba msamaha. Nikasema, maiti haiombwangi msamaha. Hapo ndio nilijua bado niko."

Hotuba nikaiacha. Nikamweleza kilichotokea, polepole, na sikuacha kitu, hata zile ampuli nilizobandua.

Akaelekeza kidevu kitanda cha pili, ambako dada mmoja alikuwa amelala akisubiri upasuaji wake. "Huyu anaingia leo. Utambandikia hizo chupa?"

Nilichojifunza nadhani mnakiona. Vifaa vichache nilivilaumu sana kabla ya siku ile, lakini kilichokaribia kumuua Ndunge ni mimi kutaka kuonekana nadhifu.

Karibuni mchangie, hasa wauguzi na madaktari. Mliowahi kukosea, mlisema au mlinyamaza? Nitukaneni pia, ruksa.

Na yule dada wa kitanda cha pili nilimlaza mimi. Nilimsomea Madam Mwikali kila ampuli kwa sauti, na dada mwenyewe akasikia.