Mito ya Masikio ya Mzee Radjabu

Ukifika mtaani kwetu Buyenzi ukauliza nyumba ya Mwanasiti, utaulizwa Mwanasiti yupi, maana wako wengi. Sema yule anayeshona mito ya masikio, na utaonyeshwa mlango. Unaelekeana na wangu, kwa hiyo ninayosimulia hapa niliyaona kwa macho yangu, na yale ambayo sikuyaona aliniambia mwenyewe. Na mimi, kusema kweli, ni mtu wa kuuliza mpaka niambiwe.

Kazi yake ya siku zote ilikuwa kushona foronya na vitambaa vya makochi. Haya mambo ya masikio yalianza kwa sababu ya baba yake. Mzee Radjabu alikuwa muadhini wa msikiti wetu mpaka masikio yake yalipoanza kuchoka. Mjukuu wake, Lubna, binti wa Mwanasiti aliyeolewa Rumonge, akamletea hedifoni kubwa, zile tunazoita kaske, asikilize Kurani kwenye simu. Mzee akawa hazivui ila kwa chakula, usingizi na sala. Baada ya muda ile ngozi ya plastiki inayozunguka sikio ikaanza kubanduka vipande vyeusi. Mzee akawa anatoka nyumbani na madoa mashavuni, na sisi majirani tukamuuliza siku hizi anapaka wanja kwa ajili ya nani. Alicheka, lakini masikio yalikuwa yanamuuma. Plastiki ilimchubua na sponji ilikuwa imelala kabisa.

Mwanasiti akabandua mito ile mikuukuu, akashona mingine ya kitenge, ndani akatia sponji ya kochi. Ilikuwa laini, lakini mzee alikunja uso.

"Mwanangu, sauti imekuwa kadogo. Ni kama mutu anasomea ndani ya debe."

Akajaribu plastiki ya makochi. Sauti nzito ikarudi, ila kwa joto letu masikio yalitoka jasho mpaka shingoni. Akaongeza sponji, mzee akasema msomaji amerudi nyuma, amesimama mlangoni, mwambie asogee. Akapunguza, msomaji akasogea, lakini ile spika ya ndani ikagusa sikio. Wakakaa hivyo wiki nyingi, binti anashona na kufumua, baba anafumba macho na kusema msomaji yuko wapi sasa. Sijapata kuona baba na mwana waliofurahiana kama wale.

Siku moja Mwanasiti akapata sokoni koti la mitumba, la kike, la ngozi, bitana imechanika na lebo imekatwa. Upande wa ndani ulikuwa laini kama mahameli. Akakata, akashona, akayavisha masikio ya baba yake ule upande laini. Mzee akafumba macho, na machozi yakamtoka.

"Eko hapa," alisema. "Msomaji eko hapa pembeni yangu. Na masikio haitoke jasho hata!"

Tangu siku hiyo nyumba haikukosa watu. Baada ya sala ya alasiri wazee walikuja kuzivaa kwa zamu, na mzee akawasimamia mpaka wakubali kwamba hawajawahi kusikia kitu kama kile. Hata mimi nilizivaa, na nilikubali. Habari ikamfikia Maxime, kijana wa Gihosha anayerekodi nyimbo za harusi, akaagiza mito kama ileile ya mzee, isipungue kitu. Mwanasiti akaanza kutembea kifua mbele, na simlaumu.

Ijumaa moja sindano yake ya ngozi ilivunjika akiwa katikati ya kazi ya Maxime. Akaenda kuazima kwa Murhula, fundi viatu aliyetoka Bukavu, anayekaa pale kona. Murhula akachukua kipande cha ngozi, akakisugua kwa kidole gumba, akakiinua kwenye jua, akacheka.

"Mama Lubna! Siku izi unashonaka ngurube?"

"Ngurube gani?"

"Angalia tundu za nywele. Tatu, tatu, tatu. Mbuzi haiko hivi, kondoo haiko hivi. Na zinapita mpaka upande ingine, ju ya ile haitoe jasho. Kwetu nilishonaka viatu vyake." Kisha akaona uso wake, akaacha kucheka. "Lakini ni ya ule kijana wa Gihosha, apana? Ye ni mukristo, kwake haina shida."

"Ndiyo," alisema Mwanasiti. "Ni ya Gihosha."

Aliniambia kwamba njiani hakuwa na hofu. Alijua la kufanya: angeingia, angemwambia baba yake palepale, wangetafuta maji, yangekwisha. Kutojua ni kutojua. Angeaibika siku moja na kesho yake watu wangesahau.

Lakini alipofungua mlango, baba yake alikuwa ameketi na wazee wawili, hedifoni kichwani, macho ameyafumba, udhu ameshatia kwa ajili ya magharibi. Mgeni mmoja akamgusa bega, mzee akafumbua macho, akavua, akamshika binti yake mkono mbele ya wageni.

"Wee, mumuone huyu. Vijana waliniletea dawa za masikio, hazikufanya kitu. Huyu ndiye alinirudishia maneno ya Mungu." Akainua mikono. "Ya Rabbi, mupe mwanangu pepo, kwa ajili ya masikio ya baba yake."

Wale wazee wakasema amin.

Mwanasiti akasema amin.

Ndivyo alivyoniambia, na alipofika hapo alijifunika uso kwa mtandio. Alisema ulimi wake uliitika wenyewe, kwa mazoea, na baada ya kuitika ikawa haiwezekani tena kusema lile jambo. Ungeanzaje? Mzee akavaa kofia, akaenda msikitini na masikio yaleyale, na binti yake akamfungulia mlango.

Asubuhi, mzee akiwa anaoga, Mwanasiti akaitoa mito ile, akaichoma nyuma ya jiko pamoja na koti lote lililobaki, akafunga ya kitenge. Mzee akavaa. Akavua. Akavaa tena, akaibonyeza kwa viganja.

"Msomaji ameenda wapi? Mwanasiti, ile mito yangu iko wapi?"

Hapo ndipo alipoongeza kosa juu ya kosa. Akasema Maxime alikuwa na haraka, ngozi haikutosha, kwa hiyo amempa ile ya nyumbani.

Mzee hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. Alirudisha hedifoni mezani na siku ile hakusikiliza kitu. Wageni walipokuja aliwaambia hakuna cha kusikiliza, binti yake ameyapeleka masikio ya baba yake Gihosha kwa mteja. Maneno hayo yalipita mtaa mzima kabla ya isha. Mimi nilihakikisha yamepita, maana nilikasirika. Nilimwambia Mwanasiti usoni kwamba tamaa imemtoa akili. Akaniangalia, akaendelea kushona. Nilidhani ni kiburi. Kumbe yule mwanamke alikuwa ameona ni afadhali aitwe mwenye tamaa na mtaa mzima kuliko baba yake ajue nini kiligusa masikio yake, na ni nani aliyeitikia dua huku akijua.

Angeendelea hivyo, nadhani, mpaka kaburini. Ila mzee hakuwa mtu wa kuachia. Asubuhi moja nilimwona anatoka amevaa kanzu nyeupe, fimbo mkononi, simu mfukoni. Nikamuuliza safari ya wapi.

"Gihosha. Naenda kumuomba ule kijana anirudishie. Ni mutoto wa watu, atanihurumia."

Mwanasiti alikuwa anafua uani. Aliposikia Gihosha akatoka na mapovu mpaka kwenye viwiko, akashika kanzu ya baba yake kwa mikono ileile yenye maji.

"Baba, usiende. Hana kitu yako. Ile mito niliichoma."

"Ju ya nini uliichoma?"

Mimi nilikuwa pale. Ningeweza kuingia ndani kwangu, na sikuingia. Mwanasiti aliniona na akasema hivyohivyo mbele yangu.

"Ilikuwa ngozi ya ngurube, Baba. Sikujua wakati nilikuwa nashona. Murhula alinionyesha."

Mzee akakaa kwenye kizingiti. Aligusa sikio moja, kisha akaondoa mkono haraka na kuuweka mbali na kanzu. Akaomba maji na udongo. Mwanasiti akaleta ndoo na kata, akachota udongo safi chini ya mgomba, na baba yake akaosha masikio, mashavu na mikono mara saba, moja kwa udongo, kama tulivyofundishwa chuoni tukiwa wadogo. Yeye ndiye aliyemmiminia. Mzee alipojifuta, uso wake ulikuwa umetulia. Nikafikiri yamekwisha.

"Murhula alikuonyesha siku gani?"

"Ijumaa."

"Ijumaa ile nilikuombea?"

"Ndiyo, Baba."

"Mbele ya dua, ao kisha?"

Angeweza kusema ni baada ya dua. Murhula asingeulizwa, na mimi sikujua. Nilimwona anaitazama kata iliyokuwa mkononi mwake.

"Mbele, Baba."

Mzee alitikisa kichwa polepole, na mara akaonekana mzee kuliko alivyo.

"Ile ya kutojua imeisha, maji imeitosha," alisema. "Hii ingine, mwanangu, mi sijue inaoshwa na nini."

Akaingia ndani. Baadaye akamwagiza apite mwenyewe kwa kila mtu aliyewahi kuzivaa zile hedifoni, amwambie, asimtume mtu. Alipita. Nilimwona anasimama mlango kwa mlango, mtandio umeshuka mpaka kwenye nyusi, anasema yale yale kwa sauti ndogo. Kuna waliomcheka, na kuna waliomwambia Mungu ni mwingi wa rehema, na hakuna aliyemfukuza. Kwangu alikuja mwisho, ingawa nilikuwa nimeshasikia kila kitu na yeye alijua. Alisema yote upya, tangu koti mpaka amin. Nilimwambia aingie anywe chai. Hakuingia.

Sasa mito ni ya pamba nene na sponji ngumu kidogo, baada ya majaribio mengi mengine. Mzee anasema msomaji yuko karibu, ila si karibu kama zamani, na hajalalamika tena. Wageni wamerudi. Wanavaa, wanasifu, na mzee, ambaye hajawahi kumsema vibaya binti yake tangu siku ile, huinua mikono amwombee mbele yao. Mwanasiti akisikia "Ya Rabbi" tu, anaweka chini anachoshona na kwenda jikoni. Nimemwona dirishani mara nyingi. Amesimama mbele ya jiko lisilo na moto, anangoja wamalize kuitikia.