Karatasi ya babu na ndovu wa Kasigau

Leo homework ya Kiingereza imetutoa machozi.

Binti yangu aliambiwa atunge sentensi yenye neno "nuisance", yaani msumbufu.

Babu yangu akacheka. "Andika ndovu!"

Miaka ya hamsini ndovu walimmalizia mahindi huku Kasigau. Akatembea hadi Voi kushtaki. Mzungu wa ofisini akamwandikia karatasi ampelekee chifu. Chifu akaisoma, akaikunja, akamrudishia.

Babu hajui Kiingereza. Ameiweka kwenye Biblia miaka yote hiyo, eti ushahidi. Na sisi tuliosoma hatukuwahi kuiomba tuisome!

Leo akampa binti yangu karatasi hiyo, naye akaisoma kwa sauti: "This man is a nuisance."

Babu akangoja. "Haya, na ndovu wameandikwa wapi?"

Jamani, nyinyi mngemjibu nini?